Kuku wa Mpishi wa Gavana

Vita vilipokwisha, noti za nchi zilibaki za kufungia karanga. Mzee Ngwali, aliyeficha ghalani mchele wote wa mji, hakutaka hata kuziona. Kwa pishi moja ya mchele alidai mbuzi. Asiye na mbuzi alilala njaa, na Mzee, kwa huruma zake, alimwombea dua.

Siku moja alisikia kwamba Bi Mashavu, mpishi wa gavana wa benki, anatoa kuku wake ili apewe noti. Akacheka, kisha akakumbuka mpishi huyo anampikia nani. Akamkimbilia.

"Dada yangu mpenzi, umesikia nini huko kwa gavana?"

"Mpishi husikia nini, Mzee, zaidi ya mlio wa sufuria? Ila tafadhali, usimwambie mtu kwamba nakusanya noti."

Adhuhuri ghala lilikuwa wazi: mchele kwa noti, upesi, kabla wajinga hawajazinduka! Mji ukala ukashiba. Wenye maduka, walipoona tajiri anazigombania noti, nao wakaanza kuzipokea.

Jioni Mzee akamrudia Bi Mashavu. "Sasa niambie kweli. Gavana alisema nini?"

"Alilalamika tu, Mzee, kwamba noti hazitapata thamani mpaka wewe uzipokee."