Ukelele wa Namkunda

"Sala hutoka mdomoni, ukelele hutoka moyoni." Vijana wa kwaya walicheka waliposikia Bibi Nakijwa akisema hivyo, kisha wakataka kujua ni nani aliyetangulia kuyasema maneno hayo. Bibi akaendelea kuchambua maharage yake. Akawaambia yalisemwa na mwanamke mmoja wa huku huku milimani Upare, na yaliyompata ni haya.

Namkunda alikuwa mjane mwenye mwana mmoja, Elisaria, na ng'ombe mmoja, Sikudhani. Ng'ombe huyo alikuwa na maziwa, si mchezo. Elisaria alitaka wamuuze, anunue cherehani aanze kazi ya ushonaji. Mama akawaka moto.

"Umuuze huyu nami ningali hai? Toka kwangu!"

Kijana akatoka, asionekane tena. Majuto ni mjukuu. Nyumba ikamwelemea mama wa watu. Kwaresima ilipofika akajiunga na wanawake wa maombi, akafunga, akimsihi Mungu amrudishe mwanawe. Alifunga kweli kweli, hata maji hakugusa. Lakini kila akipiga magoti kanisani, mawazo yanamtoroka. "Ee Bwana, mrudishe Elisaria," na papo hapo anajiuliza kama komeo la zizi amelikaza. Akifumba macho, anamwona ng'ombe. Anajikemea, anahama benchi, anaanza upya, bado ng'ombe. Aliona aibu, akasema ni njaa tu inamchezea. Njaa husingiziwa mengi, wajukuu zangu.

Ijumaa mchana, katikati ya maombi, jirani yake Naetwe akachungulia mlangoni.

"Mama Elisaria, kuna mwanamume zizini kwako, sura sikuiona!"

"Uwiii! Ng'ombe wangu! Mwizi! Ng'ombe wangu!"

Namkunda alikwisha kuruka benchi. Akateremka mlima mbio, khanga inamdondoka, ukelele wake ukasikika kijiji kizima.

Alipofika, alikuta zizi li wazi, na Elisaria amesimama mlangoni na mzigo wa majani kichwani.

"Shikamoo, mama," alisema akiutua. "Niliambiwa unafunga kwa ajili yangu, nikaja tuyamalize. Kumbe mfungo wote ni wa ng'ombe."

Akageuka, akashika njia.

Sikudhani naye akatoka zizini, akaingia moja kwa moja kwenye mahindi ya Naetwe. Namkunda akatazama huku, akatazama kule. Siku zote zile alimwomba Mungu auguse moyo wa Elisaria, kumbe Mungu alikuwa akimwonyesha wa kwake mwenyewe. Akampa ng'ombe mgongo.

"Elisaria! Mwanangu wee! Elisaria!"

Alilia hata watu wakatoka majumbani wakidhani kuna msiba. Kijana akasimama. Mama akamfikia, akamkamata shati kwa mikono miwili, asimwachie.

Mahindi ya Naetwe yaliliwa mpaka jioni. Baadaye wanawake wa maombi walimwuliza Namkunda alikuwa akiomba vipi hata akajibiwa upesi hivyo.

"Kuomba gani, jamani!" akasema. "Sala hutoka mdomoni, ukelele hutoka moyoni."