Wageni Waliokolewa na Maji ya Ziwa

Paukwa!
Pakawa!
Viatu vyenu viko wapi?
Tumevikalia!
Basi naendelea.

Shule zilifungwa. Pimbi akawachukua watoto wake watatu, wakateremka kutoka majabalini kwenda kuogelea ziwani. Walikuwa hawajawahi kuogelea. Njia nzima watoto waliimba: “Chubwi! Chubwi!”

Mwenyeji wa ufuko ule alikuwa Mamba. Aliwapokea kwa meno yote.

“Karibu, dada! Maji ya leo ni vuguvugu. Ingieni!”

Pimbi hakuingia. Alitazama mchangani. Palikuwa na kandambili za Mbuzi, kandambili za Swala na kofia ya Kanga.

“Kaka Mamba, Mbuzi yuko wapi?”

“Majini. Amenogewa.”

“Na Swala?”

“Majini. Amenogewa.”

“Na Kanga? Kanga haogelei.”

Mamba akafikiri. “Alijifunza. Akanogewa.”

Pimbi alitazama ziwa. Hapakuwa na kichwa hata kimoja juu ya maji.

Watoto wakaanza kulia. “Mama, tuingie!”

“Tutaingia,” alisema Pimbi. “Lakini kaka, kwetu majabalini mwenyeji huonja kwanza, mgeni akiona. Uji huonjwa. Togwa huonjwa. Wewe umetuandalia maji.”

“Maji ya ziwa nayo yaonjwe?”

“Au yana kitu?”

Mamba aliwahesabu wageni: wanne, wanene. Akainama. Gugu! Gugu! Gugu!

“Haya, ingieni.”

“Hayo ni ya ukingoni. Sisi tutafika kwenye matete.”

Mamba akaenda kwenye matete. Gugu! Gugu! Gugu!

“Haya, ingieni.”

“Hayo ni ya juu. Sisi tutapiga mbizi.”

Mamba akazama mpaka chini. Gugu! Gugu! Gugu! Alipotoka alikuwa duara. Alijikokota hadi ukingoni, akapinduka. Tumbo juu, miguu minne hewani, haigusi chini.

“Sasa... ingieni,” alisema.

“Asante, kaka. Sasa tunaingia.”

Wakaingia. Maji yalikuwa vuguvugu kweli. Katika hilo Mamba hakudanganya. Watoto walielea. Walirushiana maji. Kisha wakagundua kwamba tumbo la Mamba linafaa kurukia. Wa kwanza akapanda, akaruka: chubwi! Maji yakamtoka Mamba mdomoni: pyuu! Wa pili: chubwi! Pyuu! Wa tatu: chubwi! Pyuu!

Pimbi hakuwaangalia watoto. Aliangalia miguu ya Mamba. Kwa kila pyuu, iliteremka kidogo.

Wakaruka tena, wakaruka tena. Ukucha mmoja ukagusa mchanga.

“Tokeni!”

“Mama, mara moja tu!”

“Mbuzi naye alisema hivyo. Tokeni!”

Wakatoka mbio, kandambili mkononi. Nyuma yao wakasikia tumbo likigeuka: pwaa! Mamba alikimbia hatua tatu, akakuta vumbi.

Njiani walikutana na Nguruwe, taulo begani.

“Mama Pimbi, mwenyeji yupo?”

“Yupo. Ukifika, mwombe aonje.”

Hadithi yangu imezama hapo. Anayeitaka apige mbizi. Funzo lake: mgeni mwema hamshuku mwenyeji wake. Akiambiwa aingie, huingia moja kwa moja. Mbuzi aliingia moja kwa moja, na mpaka leo hajalalamika.