Kwa Nini Nzohe Huacha Pua Tu Juu ya Maji

Asubuhi mmezunguka kisiwa na askari wa hifadhi. Mmeona viboko, mmeona tumbili na ndege wa kila rangi, lakini nzohe mmemwona pua tu kwenye mafunjo. Mliporudi hapa ufukweni, yule dada mwenye kofia aliniuliza, "Mama, huyu paa wa majini ana haya gani hata ajifiche hivyo?" Nikamwambia asubiri nimalize kukaanga sato, maana jambo hilo halisemwi huku mtu anageuza samaki. Sasa mmekula, wengine mmeshaogelea, na boti haitawachukua mpaka jua lianze kushuka. Nitawaeleza. Ila mjue kwanza kwamba mimi, Nyangeta, ni wa ukoo wa mtu nitakayemsimulia, na kwetu habari hii hatuisimulii kwa kujisifu.

Zamani zile nzohe hakuwa mnyama wa majini. Alikuwa na kwato fupi, ngumu, kama za mbuzi, na alilala hapa hapa mchangani mchana kweupe. Mtumbwi ukikaribia alikuwa hainuki. Watoto wa binadamu waliegemea mbavu zake wakila matunda, naye akipepesa masikio kufukuza nzi.

Hayo yaliwezekana kwa sababu kisiwa hiki cha Nyamuhege kilikuwa kimbilio. Wazee wa ng'ambo walikuwa wamekubaliana kwamba mnyama akishavuka maji na kukanyaga mchanga huu, hafukuzwi tena, hata kama ncha ya mkuki bado imo mwilini mwake. Mbwa hawakuletwa huku. Mikuki na pinde viliachwa mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, upande ule. Na watu wenyewe hawakuja ovyo. Walivuka siku moja kwa mwaka, mtama ukishavunwa. Walifika asubuhi, wakatembea msituni kuwatazama wanyama, watoto wakaoga ufukweni, wakala chakula walichobeba kutoka nyumbani, na jua halijazama walikuwa wamerudi kwao.

Aliyewaongoza aliitwa Malegesi. Mtumbwi wake ulitangulia, na ukikaribia mchanga alipiga mluzi mmoja mrefu, kisha mifupi miwili, ili nzohe wajue kwamba wanaokuja ni watu wa amani. Alikuwa na nzohe mmoja aliyempenda kuliko wote, jike aliyemwita Nyamwelu. Alimkuta akiwa ndama aliyevunjika mguu, akamfunga vijiti, akavuka maji kila siku kumletea majani mpaka mguu ukaunga. Nyamwelu alikua, akazaa, na bado akisikia mluzi wa Malegesi aliacha malisho akaja kuingiza pua yake kwapani mwa mtu yule. Watu walilijua jambo hilo, na walimheshimu Malegesi kwa ajili yake.

Malegesi alikuwa na wana wa kiume, na binti mmoja tu, Nyachiro. Mwaka mmoja akaja mshenga kutoka milimani kumposa, kwa niaba ya mtoto wa Mugeta. Huyo Mugeta alikuwa mtu wa ng'ombe wengi. Mshenga aliuliza mambo ya nyumbani, kama washenga wanavyouliza, na Malegesi akajibu kwamba hata yeye hakosi mifugo, mbuzi wake wanachungwa kwa dada yake. Haikuwa kweli. Mbuzi wake walikuwa wamekufa wote kwa maradhi, na mtu yule aliishi kwa samaki tu. Aliona aibu kusema. Aliogopa kwamba binti wa mtu asiye na kitu ataolewa kwa kuonewa huruma, au asiolewe kabisa.

Siku ya kuvuka ilipofika, Mugeta alishuka kutoka milimani na mkewe na ndugu zake wanne. Walikuwa wamesikia habari za kisiwa ambacho wanyama hawaogopi watu, nao walitaka kukiona kwa macho yao. Malegesi aliwapakia katika mtumbwi wake mwenyewe. Siku ilianza vizuri. Mke wa Mugeta alipoona nzohe wamelala mchangani kama mikeka iliyoanikwa, alishika mdomo. Mugeta mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, alivua kaniki akaingia majini akicheka kama mtoto, kwani milimani kwao hakukuwa na maji ya kumfikia mtu kiunoni.

Mchana walikaa kivulini kula, mbali kidogo na watu wengine. Nyachiro akafunua kapu, akatenga ugali wa mtama na sato wakavu aliowachemsha vizuri kwa karanga. Mugeta akatazama, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Wakwe wapya hutaniana, hupimana kwa maneno.

"Mkwe wangu," alisema, "kwetu mgeni wa posa halishwi magamba. Au wale mbuzi tulioambiwa nao wanaogelea ziwani?"

Ndugu zake wakacheka. Malegesi naye akacheka, akacheka kuliko wote, lakini moyo ulikuwa unamwaka moto.

"Hao samaki ni wa kulainishia koo," alisema. "Mbuzi nilimtanguliza jana. Nipeni muda kidogo tu."

Nyachiro akainua uso. "Baba, mbuzi yupi?"

"Koleza moto, mwanangu."

Akachukua kisu cha kuparia samaki, akaenda nyuma ya miamba ile mnayoiona pale, yenye mavi meupe ya ndege mnandi. Huko akapiga mluzi mmoja mrefu, na mifupi miwili.

Nyamwelu akaja. Alimwacha mtoto wake amelala kwenye majani, akapita katikati ya mawe taratibu, akaingiza pua kwapani mwa Malegesi kama siku zote. Wazee wetu waliotusimulia hawakuwahi kusema zaidi ya hapo, nami sisemi. Walisema tu kwamba Nyamwelu hakupiga kelele, na kwamba Malegesi alifukia kichwa na ngozi mchangani kwa mikono yake.

Aliporudi na nyama, wageni walishangilia. Ikachomwa, ikaliwa. Mugeta akasifu, akasema mbuzi wa visiwani ana utamu wa peke yake, labda ni kwa ajili ya majani ya huku. Malegesi aliwakatia vipande vikubwa, akawahimiza wale. Nyachiro hakula. Alisema tumbo linamuuma, na baba yake hakumwangalia.

Basi ndama akatokea. Alitoka nyuma ya miamba ananusa mchanga, akapita mbele ya wageni wote bila kumjali yeyote, akaenda moja kwa moja kwa Malegesi. Akanusa mikono yake. Akaanza kumnyonya vidole.

Malegesi akamsukuma polepole. Ndama akarudi. Akamsukuma kwa nguvu, ndama akaanguka, akainuka, akarudi, akashika kidole kilekile. Malegesi akahamia upande wa pili wa moto. Ndama akazunguka moto akamfuata. Mwanzoni wageni walitabasamu.

"Tazama anavyompenda," alisema mmoja wao.

"Anapenda chumvi," akasema Malegesi haraka. "Mikononi mna chumvi."

Mke wa Mugeta hakutabasamu. Alikuwa amelea watoto saba na ndama wasiohesabika. "Huyu hatafuti chumvi, mkwe wangu," alisema. "Huyu ana njaa. Mama yake yuko wapi?"

"Yuko huko. Anakula majani."

Mugeta alikuwa ameshika kipande cha nyama, mkono wake ukabaki hewani. Na huko ufukweni, nzohe waliokuwa wamelala walianza kuinuka mmoja mmoja, wakasimama, vichwa juu, wakitazama upande wa moto.

Malegesi akainuka akaenda majini kunawa. Alichota mchanga akasugua viganja, akasugua mpaka kwenye viwiko, akasukutua, akasugua tena. Ndama akaingia majini nyuma yake. Malegesi akasogea mbele, maji yakamfika kiunoni, ndama naye yakamfika tumboni. Akasogea tena. Ndama hakujua kuogelea, maana nzohe wa wakati ule hawakuwa na sababu ya kujua. Maji yakafika shingoni mwake, kisha ikabaki pua tu juu, na ile pua bado ilikuwa inafuata mikono ya mtu yule.

"Baba, simama!" Nyachiro alipiga ukelele kutoka ufukweni. "Usiende mbele, atakufa! Anakufuata wewe!"

Malegesi akasimama. Akageuka akaitazama ile pua. Na hapo, mbele ya wakwe zake na binti yake, alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Hakuna mbuzi. Sina mbuzi hata mmoja, walikufa wote. Mliyemla ni mama yake. Nilimwita, akaja kwa sababu niliyeita ni mimi."

Wageni wawili waliondoka mbio kwenda vichakani kutapika. Mugeta hakuondoka. Aliweka kile kipande chini juu ya jani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akafuta mdomo kwa kiganja, akatazama kiganja chake kwa muda mrefu.

"Ningekula samaki," alisema. "Yale yalikuwa maneno ya utani tu, mkwe wangu. Ningekula samaki."

Wazee walisema kama Malegesi angetukanwa siku ile, hata angepigwa, angepata pa kushika. Lakini aliambiwa vile kwa upole, akainamisha uso mpaka kidevu kikagusa maji.

Mikono ilikuwa imeshaoshwa mno. Harufu ya mama ilikwisha. Ndama akanusa vidole mara moja tena, hakupata alichokuwa akikitafuta, akamtazama Malegesi kama anavyomtazama mtu asiyemjua. Kisha akageuka, akipiga miguu ovyo, akajikokota mpaka kwenye mafunjo. Nzohe wengine wakaingia majini. Walipita karibu na watu, hawakukimbia, mmoja nyuma ya mwingine, maji yakiwafika tumboni, shingoni, mpaka zikabaki pua. Malegesi akapiga mluzi wake. Hakuna hata mmoja aliyegeuza sikio.

Waliondoka mapema siku hiyo. Katika mtumbwi mlisikika kafi tu.

Watu walidhani posa imevunjika. Mugeta hakuivunja. Baada ya siku chache alimtuma mshenga aseme kwamba binti hana kosa, na kwamba yeye pia alikula, tena alisifu utamu, kwa hiyo hana ulimi wa kumhukumu mtu. Nyachiro aliolewa. Siku ya harusi hapakuchinjwa mnyama. Walitenga samaki, na Mugeta ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Nyachiro aliwaambia watoto wake aliowazaa huko milimani wasiguse nyama ya nzohe, wala ngozi yake, wala pembe yake. Kaka zake waliobaki huku nao wakawaambia watoto wao, na kwa njia hiyo ukawa mwiko wa ukoo.

Malegesi aliacha kazi ya kuongoza bila kuambiwa na mtu. Lakini aliendelea kuja huku peke yake, asubuhi. Alisimama ukingoni mwa mafunjo akapiga mluzi, mmoja mrefu na miwili mifupi, akangoja, akarudi nyumbani. Alifanya hivyo mpaka alipozeeka, meno yakamtoka, pumzi ikawa inapita mdomoni bila sauti. Hata hapo alikuja. Wavuvi walimwona amesimama, mashavu yamejaa hewa, midomo imekunjwa, na hakuna kilichosikika. Wengine walimcheka. Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wa waliomcheka, na alipokuwa anakufa alitaja jambo hilo akalia.

Nzohe wakakaa matopeni mwaka baada ya mwaka, kwato zao zikarefuka na kupanuka ili wasizame. Manyoya yao yakapata mafuta ya kuzuia maji. Ndama wakaanza kufundishwa kuogelea kabla ya kufundishwa kukimbia.

Na tangu siku hiyo nzohe akisikia hatua za mtu huingia majini, huzama mpaka ikabaki pua tu, akangoja mtu apite. Tangu siku hiyo kisiwani hapa hakuna anayepiga mluzi, iwe mvuvi, iwe askari, iwe mgeni. Na sisi wa ukoo wa Malegesi hatuli nzohe, na tukikaribisha wageni tunawatengea samaki, hata tukiwa na mbuzi zizini.

Wewe dada uliuliza ana haya gani. Mimi nimekaa hapa miaka ishirini na mitatu nikipikia wageni, na kila alfajiri huenda pale kwenye mafunjo kuchota maji. Mara nyingine namkuta yupo karibu, hatua tatu tu, pua na macho juu ya maji, ananitazama. Anatazama vizuri tu, bila kupepesa. Ni mimi ninayeangalia chini, nikajaza ndoo yangu, nikaondoka kinyumenyume mpaka nifike njiani.