Firigisi ya Mbwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmekula mkashiba, halafu sauti ndiyo hiyo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale palikuwa na mjane, jina lake Nyanzobe. Mumewe alipozikwa, shemeji yake Lugendo alisimama mbele ya watu akasema, "Shemeji, kaa kwenye boma hili la kaka yangu maadamu unajilisha mwenyewe. Siku utakayokuja kwangu kuomba, funga mizigo urudi kwenu." Hakuna aliyemtetea, hata mmoja! Nyanzobe alikuwa na kuku kumi na wawili tu. Hao ndio waliomweka pale.

Basi Mwewe akaanza kubeba vifaranga, Kicheche naye akala mayai. Nyanzobe akaenda porini kumtafuta Mbwa, ambaye siku hizo hakukaa na watu.

"Mbwa, njoo unilindie kuku."

"Utanipa nini?"

"Ugali na mifupa."

"Mifupa naipata hata huku. Kila ukichinja kuku, nipe firigisi. Firigisi tu, Mama."

Nyanzobe akasita, maana kwao firigisi ni ya mwanamume, na mwanamke anayeipeleka kwingine husemwa mpaka anaingia kaburini. Lakini akawaza, mume sina, nani atauliza? Akasema, "Nimekubali."

Mwewe akashuka mchana kweupe. Mbwa akaruka, akabweka, Mwewe akaondoka makucha matupu. Kwa furaha Nyanzobe akachinja jogoo. Nyama haijaiva, hodi! Lugendo huyo. Pua ya yule bwana ilijua kila chungu pale kijijini.

"Shemeji, firigisi iko wapi?"

Nyanzobe akaitoa. Mbwa akatupiwa mifupa, akasema, "Sawa, Mama. Nitangoja."

Akaja Kicheche. Mbwa akamtoa mbio mpaka mtoni. Nyanzobe akachinja tena. Hodi!

"Shemeji, firigisi iko wapi?"

Akaitoa tena. Mbwa akasema, "Sawa, Mama. Nitangoja."

Mara ya tatu akaja Chui. Chui, jamani! Mbwa alitetemeka miguu yote minne, lakini hakutoka mlangoni pa banda. Walipigana mpaka Chui akachoka akaenda zake, na Mbwa akabaki na jicho moja. Nyanzobe alilia, akamwosha damu, akaapa, "Leo ni yako, haki ya Mungu." Akachinja. Hodi!

"Shemeji, firigisi iko wapi?"

"Ni... ni ya Mbwa, shemeji. Amepoteza jicho."

Lugendo akacheka mpaka akakohoa. "Mbwa na firigisi wapi na wapi! Au niwaite wazee waje waone mjane anavyomheshimu mbwa kuliko ndugu wa marehemu?"

Nyanzobe akaitoa. Ah, mama huyu! Hata mimi ninayesimulia roho inaniuma. Lugendo akatafuna taratibu, akalamba vidole, akaaga.

Safari hii Mbwa hakusema atangoja. Aliinuka akaondoka.

Siku tatu hazikupita, banda likabaki manyoya matupu. Nyanzobe akashinda njaa, akalala njaa, mwisho akaenda kwa Lugendo kuomba unga kibaba kimoja. Lugendo akamjazia mpaka ukafurika, tena kwa tabasamu. Kisha akauliza, "Mizigo umeshafunga?"

Njiani kurudi kwao, mzigo kichwani, Nyanzobe alimkuta Mbwa amelala mlangoni pa boma la watu, kuku wa watu wakidonoa karibu naye.

"Mbwa wangu, twende pamoja."

Mbwa hakuinuka. "Kwa nini hukunipa, Mama?"

"Nilimwogopa Lugendo."

"Hata mimi nilimwogopa Chui," Mbwa akasema.

Nyanzobe akaweka mzigo sawa kichwani. Akaendelea na njia.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mnaotaka mwisho mtamu, kamwombeni Lugendo.