Zamu ya Nahodha

Kuna nchi, wapendwa, baridi yake inagandisha ziwa mpaka watu wanapita juu kwa gari. Huko wanacheza mpira wa magongo juu ya barafu. Msicheke, ndiyo kazi yao, inawalisha. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanakimbiza kisahani cheusi cha mpira kwa kasi ambayo mimi na goti langu hili tusingeiweza hata dakika moja.

Na wao pia hawaiwezi zaidi ya dakika moja. Desturi yao ni hii: mchezaji anaingia, anamaliza nguvu zake zote, na kabla dakika haijaisha anarudi benchi, mwenzake anaruka ule ukuta mfupi unaozunguka uwanja kuingia. Mchezo hausimami. Hakuna refa wa kukupulizia kipenga utoke. Unatoka mwenyewe, hata kama uwanja mzima unaimba jina lako.

Kulikuwa na timu moja huko iliyokaa kileleni miaka kumi na miwili. Wachezaji walikuja wakaondoka, makocha wakabadilika, timu iko pale pale. Nahodha wake alikuwa bingwa kweli, simsingizii.

Ikafika fainali. Timu ziko sare, bao moja kwa moja, mchezo unakaribia kwisha, nahodha yuko ndani. Dakika yake ikaisha. Kocha akagonga ukuta wa benchi: "Toka!"

Nahodha alisikia vizuri kabisa. Lakini kisahani kilikuwa kwenye gongo lake, na umri wake miaka thelathini na sita. Akajiambia moyoni, nikitoka sasa, bao la kombe langu la mwisho atalifunga mtu mwingine. Akabaki. Alikaa dakika mbili nzima, mapaja yanawaka moto, na akafunga.

Alibebwa juu juu. Kocha akamfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Nilikuita," akasema.

"Na kombe je, kocha, hulioni?"

Kocha akageuka akaondoka. Ungekuwa wewe ungesema nini, na kombe liko mezani?

Msimu uliofuata kila mchezaji akaanza kukawia. Huyu sekunde kumi, yule ishirini. Kila mmoja alikuwa anasubiri bao lake la kubebwa. Waliochoka wakawa ndani, wenye nguvu wakawa benchi wanapoa miguu. Wakafungwa mechi saba mfululizo, na mabao karibu yote yaliingia kwa namna moja: mtu amepoteza kisahani na hana pumzi ya kurudi nyuma.

Mechi ya nane, nahodha yuko benchi, mguu mmoja juu ya ukuta. Zamu yake imefika. Ndani kuna mchezaji wa miaka ishirini na miwili, amezidisha muda, anayumba. Nahodha akagonga ukuta mpaka kiganja kikamuuma. "Toka, ndugu yangu! Toka, unatuua!" Yule hata hakugeuka. Kisahani kikamponyoka, wapinzani wakaondoka nacho, bao.

Aliporudi benchi, nahodha akamkamata jezi. "Hukunisikia?"

Yule akavua kofia, jasho linamchuruzika. Akajibu kwa heshima zote. "Nilikusikia, nahodha. Hata wewe siku ya fainali ulisikia. Aliyekuwa amepandisha mguu ukutani akikusubiri utoke ni mimi."

Nahodha akaiachia ile jezi. Aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Sasa sisi. Kwaya yetu ina mwimbishaji mmoja tangu jengo hili lilipokuwa la mabati. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, usiangalie chini, nakupenda. Tunasema, nikiachia mimi, mambo yataharibika. Na pengine ukibaki utafunga bao kweli! Hapo ndipo pabaya, maana watoto wetu wanatuona, na wanajifunza kung'ang'ania. Kazi ya Mungu ni ya miaka mingi kuliko pumzi ya mtu mmoja. Nani amesimama nyuma yako amepandisha mguu ukutani, nawe unajifanya husikii?

Mama mwinjilisti wetu, huyo hapo mbele, leo ni Jumapili ya tatu anakuja na Biblia iliyojaa vikaratasi, ameandaa neno. Na kila Jumapili nimemwambia, subiri nimalizie kidogo.

Mwinjilisti, njoo madhabahuni. Mimi naenda kukaa.