Kofia ya Semkiwa Kichwani kwa Mnyamwezi

"Jina likimshinda mgeni, mtoto habadilishwi." Ndiyo, mmesikia sawasawa. Shangazi yenu alimwambia hivyo yule kijana wa mjini aliyedai kwamba utani ni kuchekeshana tu, na nyie mkacheka bila kujua mnacheka nini. Kaeni basi. Na wewe Kibwana, zima hiyo redio, haitakimbia. Methali hii ilizaliwa msibani, kwa sababu ya mbuzi mmoja na mwanamke aliyekataa kutamka neno ambalo lingemaliza kesi palepale.

Zamani za utawala wa wageni, katika kijiji cha Wazigua njia ya kwenda Handeni, alifariki mzee aliyeitwa Semkiwa. Aliacha binti mmoja tu, Mwanamvua, mjane asiye na mtoto, ambaye ndiye aliyemuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Mzee alipokata roho, Mwanamvua hakulia. Alikaa mkekani macho makavu, uji hanywi, maji hagusi, akiulizwa jambo hajibu. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba huyu naye atamfuata baba yake.

Mnadhani aliitwa mganga? Thubutu! Aliitwa Mlekwa, Mnyamwezi aliyekuwa na shamba lake ng'ambo ya kijito. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipopita huku na mizigo kichwani, na mtani haombi ruhusa msibani. Mlekwa alisimama mlangoni akafoka, "Semkiwa! Umekufa kweli, au umekimbia palizi?" Kaburi alilichimba yeye, jasho likimchuruzika, na lilipokwisha akalala humo chali. "Humu nalala mimi. Mtafutieni kwingine huyo mvivu wenu." Hakutoka mpaka alipopewa jogoo, ndipo Semkiwa akazikwa.

Mwanamvua akawa vilevile, kimya. Basi matanga yakiendelea, Mlekwa akavaa kanzu na kofia ya marehemu, akapita uani akikohoa na kuburuta mguu kama alivyokuwa akitembea mzee mwenyewe. Akafika mbele ya Mwanamvua, akauliza kwa sauti ya Semkiwa hasa, "We mtoto, uji wangu umeuunguza tena?"

Mwanamvua alimtazama. Kicheko kikamponyoka, akajaribu kukizuia, kikamshinda, na humohumo ndani ya kicheko kilio kikapasuka. Alilia, jamani, alilia mpaka kivuli cha nyumba kikahamia upande wa pili wa ua. Kisha akapangusa uso akaomba uji. Mlekwa alipoona bakuli liko mkononi mwake, akamfungua mbuzi wa marehemu, maana ile ni haki ya mtani, akaanza kumkokota kwenda naye kwake huku akimporomoshea Semkiwa matusi njia nzima.

Ndipo alipokutana na Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali ya wageni anayeamua kesi, akipita na askari wake. Alikuwa mgeni wilayani, na alichokiona yeye ni mtu aliyevaa nguo za maiti, anamtukana maiti, anaondoka na mbuzi wa wafiwa. Mlekwa akatiwa pingu, kofia bado iko kichwani.

Asubuhi yake baraza likakaa mbele ya nyumba ya jumbe. Habari ilikuwa imekwishaenea: kwa wizi wa msibani ni viboko, halafu jela ya mbali, na waliopelekwa huko wengi hawakurudi. Mwanamvua alifika na nguo zake za msiba. Alijua kwamba bila Mlekwa matanga hayaanuliwi, maana anayeyaanua ni mtani. Lakini si hilo lililomkaa moyoni. Lililomkaa moyoni ni kwamba mtu huyu alimrudisha kutoka mahali ambapo hakuna aliyeweza kumfuata, na sasa amefungwa kwa hilo.

"Muulize," Bwana Shauri alimwambia mkalimani, "huyu mtu ni nani wake?"

"Ni mtani wangu," Mwanamvua akajibu.

Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, neno alilijua tangu utotoni. Akafumbua mdomo alitie katika lugha ya Bwana Shauri, akaufumba. Akajaribu "rafiki". Bwana Shauri akasema rafiki hachukui mbuzi wa mfiwa. Akajaribu "ndugu". Akaambiwa Mnyamwezi na Mzigua hawawezi kuwa ndugu. Akajaribu "mzaha", na Bwana Shauri akawa mwekundu, akauliza ni watu gani hawa wanaofanya mzaha juu ya kaburi. Mkalimani maskini akabaki anavuta kola ya shati lake.

Mwishowe Bwana Shauri akasema hivi: "Katika lugha yangu mtu afanyaye mambo haya ni mwizi, au ni mwendawazimu. Mwanamke huyu achague. Akisema mwendawazimu, nitamwachia leo hii. Wendawazimu siwafungi."

Jumbe, ambaye alikuwa mjomba wa Mwanamvua, akamwinamia. "Mwanangu, sema tu mwendawazimu, tukamalize msiba. Neno halimchubui mtu."

"Litamchubua, mjomba," Mwanamvua alisema, na hakunong'ona. "Leo nikisema mtani wangu ni mwendawazimu, kesho watani wote ni wendawazimu. Mwingine akifiwa, akakauka macho kama nilivyokauka mimi, ni nani atakayethubutu kuja kumliza? Sisemi."

"Basi ni mwizi," mkalimani akafasiri jibu la Bwana Shauri.

"Mwenye mbuzi ni mimi, na mimi sijaibiwa. Na kama baba yangu ameona ametukanwa, aje ashitaki mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Shauri akapiga meza. Akasema asipopewa jina analolijua, mwanamke naye ataingia ndani kwa kulidharau baraza.

Mwanamvua aliinuka. Alipita katikati ya askari, akaketi chini karibu na Mlekwa, akanyoosha mkono wake sambamba na ile pingu. 

"Loo!" Mlekwa akamaka. "Mzigua huyu hata jela ananifuata! Si mniue tu nipumzike?"

"Nyamaza, mbeba mizigo," Mwanamvua akamwambia, akamnyang'anya kofia ya baba yake akajivika mwenyewe. "Hata kofia huijui kuivaa."

Wakacheka wote wawili, machozi yanawatiririka. Bwana Shauri akawatazama: aliyeibiwa na aliyeiba, bega kwa bega, wanatukanana na kulia. Hasira zikamtoka, akabaki na mshangao. Akauliza polepole, "Lakini niite nini kitu hiki? Kwetu hakina jina."

Mwanamvua akainua uso. "Bwana, mtoto sina, lakini tuseme ninaye: mgeni akija kwangu jina la mwanangu likimshinda, mwanangu simbadilishi nikamletea mwingine mwenye jina jepesi. Nitamtajia tena, na tena, mpaka aliweze. Ni utani."

Mkalimani akayafasiri hayo yote, lakini neno la mwisho akaliacha kama lilivyo. Bwana Shauri akajaribu kulitamka, likamtoka limepinda. Mwanamvua akalirudia. Akajaribu tena, safari hii likakaribia, akaashiria pingu ifunguliwe.

Mnafikiri Mlekwa alishukuru? Alijisugua mkono, akamtazama Mwanamvua, akauliza, "Mbuzi wangu yuko wapi?" Siku hiyohiyo akayaanua matanga, akampeleka mbuzi kwake, na aliyemsaidia kumswaga ni Mwanamvua, wakigombana njia nzima.

Haya, mmesikia. Wapo watakaowaambia neno lenu halina maana kwa kuwa kwao halipo. Watawapa jepesi la kushika badala yake, tena kwa upole, kama Bwana Shauri alivyotoa lake. Msipokee. Na mimi siku nikifa, sitaki hotuba. Niitieni Mnyamwezi, mwacheni alale kaburini mwangu anitukane mpaka mcheke, mpaka mlie. Mgeni akiuliza huyo ni nani na anafanya nini, mtajieni kwa jina lake, na asipoliweza mtajieni tena. Jina likimshinda mgeni, mtoto habadilishwi.