Saa ya Kuzamia na Waliompandisha Sadoki

Hapo zamani, na sisemi zamani ya wafalme na majini, nasema zamani ya juzi, wakati saa za tarakimu zilipokwisha kuwa na mabibi na wajukuu zao, paliondokea mtu huko Kigoma aitwaye Sadoki Ntahondi. Kazi yake ilikuwa kuzamia Ziwa Tanganyika na kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi ambao watu wa nchi za mbali huwafuga katika matangi ya vioo, wakawatazama tu wasiwale.

Sadoki alikuwa na saa. Si saa ya kwendea harusini, la. Saa ya kuzamia, ya kiume hasa: kasha la chuma, mkanda mnene wa mpira mweusi, pete ya kuzungusha inayolia kre-kre-kre, na katikati ya kioo kidirisha cha tarakimu kinachokwambia umeshuka mita ngapi na umekaa chini dakika ngapi. Dakika zikiisha, hulia.

Saa ile haikununuliwa, jamani. Ilikuwa na sharti lake pale kambini. Mzamiaji akishindwa huko chini, akapandishwa hajiwezi, saa huvuliwa mkononi mwake akavishwa aliyempandisha. Sadoki mwenyewe aliipata hivyo, siku alipomtoa majini mzee wa kazi aliyeitwa Ndabaniwe. Basi akaivaa miaka tisa, na kwa miaka tisa hakupandishwa na mtu.

Mwaka wa kumi saa ikawa bubu. Tarakimu zilionekana, lakini mlio hakuna. Sadoki akaipeleka Ujiji kwa Kasongo, fundi saa, mtu mwembamba mwenye kioo cha kukuzia kilichokazwa jichoni.

Kasongo alipenda kuzungumza. Akamwonyesha rafu yake.

"Unaona hizi? Ni ukoo mmoja. Hii ya kwanza, tarakimu zake nyekundu kama makaa. Ulikuwa huoni kitu mpaka ubonyeze. Ukiwa umebeba mzigo mikono miwili, hujui saa ngapi. Na betri ilizila kama karanga. Ikaja hii, tarakimu nyeusi kwenye kioo cha kijivu, zinaonekana mchana kutwa bila kubonyeza. Ikaja hii yenye vitufe vya hesabu, walimu waliikataza darasani. Ndipo wakafunga mpira ndani, maji yasiingie, wakaziteremsha majini. Hiyo yako ni mjukuu. Na siku hizi kuna vitukuu vinavyopokea simu na kukuhesabia mapigo ya moyo, lakini jioni lazima vilazwe kwenye chaji kama wagonjwa."

"Na mlio, Fundi?"

Kasongo akaifungua, akaitazama. Kisha akasema, "Kisahani chake cha kulilia kimepasuka. Cha kuingiana sina." Akaigeukia rafu, akaiacha. "Ninacho kimoja tu."

Akavua saa iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe, saa ya plastiki iliyochakaa. Kila ilipotimu saa sita mchana ilikuwa ikipiga wimbo mfupi. Marehemu mkewe ndiye aliyemnunulia, na kwa wimbo ule ndivyo alivyokuwa akimwita kula. Kasongo akakitoa kisahani, chembamba kama ukucha, akakitia katika saa ya Sadoki. Ikalia.

"Fundi, huu si ungwana," Sadoki akasema. "Hiki ni chako."

"Wewe unashuka chini. Mimi nakaa kwenye kiti," Kasongo akasema. "Nenda."

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Walikuwa watatu ziwani. Sadoki wa kushuka. Mlongecha, mzamiaji mwenzake, Mbembe kwa kabila, mwenye kifua kipana, wa kukaa mita ishirini na kikapu cha samaki, maana hata samaki hawapandishwi kwa pupa, hupasuka. Na juu, ndani ya boti, mke wa Sadoki, Skolastika, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mumewe. Mkononi alivaa kijisaa cha tarakimu cha bei ya chini, mkanda wake umeungwa kwa uzi.

"Mama Eliya," Sadoki alimwambia, "dakika ishirini. Lakini hata zikipita, usinivute mpaka nikupe ishara. Mtu akivutwa moja kwa moja kutoka kule, hewa humchemka damuni. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Eliya."

Mlongecha akaongeza neno, na neno hili mliweke: "Kaka, wale wenye mapezi ya bluu wako chini ya lile jabali. Teremka kidogo tu, utawaona."

Sadoki akateremka kidogo tu. Mita thelathini na tano. Arobaini. Arobaini na sita.

Huko kuna ulevi, enyi mnaosikiliza. Hewa ya mtungi ikikandamizwa na maji mengi humlewesha mtu bila tone la pombe. Sadoki aliwaona samaki wenye mapezi ya bluu, akaona ni wazuri mno, si wa kukamatwa. Akakaa juu ya jiwe. Akatazama saa yake. Tarakimu zilikuwepo, nne na sita, zinang'aa, lakini hakujua ni za nini. Akadhani ni namba ya nyumba. Akajiuliza nani anakaa humo. Akafurahi. Kisha akahisi kitu kinambana kiunoni, akaona ni kamba, akashangaa nani kamfunga kama mbuzi. Akaanza kulifungua fundo.

Saa ikalia.

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Sadoki akaacha fundo. Ndege, akasema moyoni, kuna ndege humu. Akamtafuta juu, akamtafuta chini, akamtafuta nyuma ya jiwe. Mikono yake ikasahau kamba.

Huko juu, kijisaa cha Skolastika kilionyesha ishirini. Ikawa ishirini na moja. Ishara hakuna. Ishirini na mbili. Akakumbuka alivyoambiwa. Akakumbuka pia kwamba mumewe katika miaka yote ile hakuwahi kuchelewa hata nusu dakika. Ishirini na tatu. Skolastika akakanyaga ukingo wa boti kwa miguu yote miwili, akavuta.

Sadoki akaruka kama kizibo. Pale mita ishirini Mlongecha akamwona anapita, macho wazi, anatabasamu. Akakiacha kikapu, samaki wa asubuhi nzima wakatawanyika, akamkumbatia Sadoki kiunoni, akaitikisa kamba mara tatu: simama. Skolastika akasimama. Mtungi wa Sadoki ulikuwa umekauka. Mlongecha akampa wake, wakawa wanapokezana hewa, huyu avute, huyu avute, na dakika za kusubiri kila hatua, hewa itulie damuni, Mlongecha akazisoma kwenye saa iliyokuwa mkononi mwa Sadoki. Wakapanda hatua kwa hatua. Walipofika mita tano hewa iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Akili ya Sadoki ilikuwa imeanza kurudi. Alimwona Mlongecha akivua mtungi, akimfunga yeye kifuani, akipanda juu mikono mitupu, kabla ya dakika zake kutimia.

Sadoki alipanda mzima. Mlongecha siku ile alikuwa ameshuka mara tatu, na hewa ikamchemka damuni, haikusubiri. Alilazwa hospitali wiki tatu. Alipotoka, mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta.

Jumapili iliyofuata wakakutana nyumbani kwa Sadoki. Watu wa kambi wakajaa uani. Sadoki akaivua saa, akaiweka juu ya meza.

"Sharti mnalijua," akasema. "Nilipandishwa sijiwezi. Saa si yangu tena. Ni ya aliyenipandisha. Nisaidieni, ni nani?"

Alidhani watasukumiana kwa adabu, kila mmoja akisema mpe mwenzangu. Haikuwa hivyo.

Mlongecha alisema kwanza. "Ni mimi, kaka. Nilikupa pumzi yangu. Mguu wangu nimeuacha kule. Na ninaitaka kwa sababu nataka kurudi kazini. Nchi kavu mimi ni kiwete. Majini mguu haulemei. Bila saa ya maana siwezi kushuka, na bila kushuka sijui mimi ni nani."

Sadoki akaona, kweli, ni yake huyu. Akanyoosha mkono aichukue saa ampe.

"Ngoja," Skolastika akasema. "Shemeji, nakuheshimu, na nitakushukuru mpaka kaburini. Lakini ungempa pumzi nani kama mimi nisingevuta? Wewe ulikuwa mita ishirini, yeye alikuwa amekaa juu ya jiwe. Ni mimi niliyemtoa jiweni. Na nani alimtuma chini ya jabali?"

Mlongecha akainamisha kichwa.

"Ni yangu," Skolastika akasema. "Na mimi naitaka isishuke tena. Daktari amesema Mlongecha akizama mara nyingine harudi. Ukimpa saa, Baba Eliya, unamlipa kwa kumuua."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Mama, wewe uliambiwa usivute. Ulivunja amri, na kuvuta kwako ndiko kulikomgharimu huyu mguu." Mwingine akasema, "Na saa ikienda kwa mke, imetoka wapi ikaenda wapi? Si itabaki nyumba ile ile?"

"Angetii, ningekuwa maiti," Sadoki akasema. Akaona, kweli, ni yake huyu. Kisha akautazama mguu wa Mlongecha, akaona si kweli tena.

Kasongo, naye amealikwa kutoka Ujiji, alikuwa amesimama karibu na mlango. Akakohoa.

"Kamba ile ilikuwa inafunguliwa," akasema. "Wewe mwenyewe ulinihadithia. Shemeji yangu huyu angevuta kamba tupu. Huyu ndugu angeona kamba tupu ikipita. Kilichoishika mikono yako ni mlio. Na hata zile dakika za kusubiri zilisomwa humo humo. Mimi siitaki saa yote. Nataka kisahani changu. Saa sita inafika, nakaa kwenye kiti, sisikii kitu. Nilidhani nitazoea."

"Lakini ukikitoa, saa inakuwa bubu," Mlongecha akasema. "Mzamiaji ataivaaje?"

"Ndiyo," Kasongo akasema. "Itakuwa bubu."

"Fundi, ulikitoa kwa hiari yako," mtu mmoja akamwambia. "Kilichotolewa hakidaiwi."

"Sidai. Nimeulizwa nani aliyempandisha, nikajibu."

Wakamgeukia Sadoki wote. "Wewe ndiye uliyekuwa huko. Tuambie. Fundo lilikuwa limelegea kiasi gani? Mlio ulikuja kwanza, au kamba ilivutwa kwanza? Bila mlio ungeifungua? Sema, tuamue."

Sadoki akafumba macho, akajaribu kurudi pale juu ya jiwe. Aliona bluu. Aliona nyumba yenye namba. Alisikia ndege, akahisi kiuno kikivutwa, akaona mikono ya Mlongecha, lakini vilikuja vyote pamoja, hakuna kilichotangulia wala kilichofuata. Jana yake aliapa kwamba fundo lilikuwa bado kidogo tu lifunguke. Leo hakuwa na hakika kama alikuwa ameligusa.

"Sijui," akasema. "Jamani, mimi sikuwepo."

Akaishika saa. Akamtazama aliyempa pumzi, na kumpa saa ni kumrudisha kwenye kifo. Akamtazama aliyevuta kamba, na kumpa saa ni kumfungia Mlongecha mlango wa kazi. Akamtazama aliyetoa mlio, na kumrudishia ni kuiharibu saa isimfae mwingine yeyote. Akaona kila mmoja ana haki kamili, na haki kamili haiwezi kuwa tatu juu ya meza moja. Kichwa kikamzunguka kama kule chini.

Nyinyi mlionisikiliza hamkulewa maji, na mmeyasikia yote kwa mpangilio wake. Mwambieni Sadoki, bado ameishika mkononi. Je, ni nani aliyempandisha, na saa avishwe nani?